Paleti kwenye Krita: nikibadilisha rangi moja, kurasa zote 32 zifuate. Inawezekana?

Mchoraji wa Makulu
Jumanne, saa 4:10 usiku

Wakuu habari za usiku. Walioko nyumbani, mbukwenyi.

Nina swali, ila lina mkia mrefu, mnivumilie. Mchana nashika duka la steshenari hapa Makulu, Dodoma: kutoa kopi, picha za pasipoti, kuwachapia wanachuo barua. Usiku nikishafunga, nachora. Kazi niliyo nayo sasa ni kitabu cha watoto, kurasa 32, hadithi ya binti anaitwa Nyemo anayechunga mbuzi wa bibi yake huko Chamwino, mwezi wa tisa, kiangazi kimekaza. Natumia Krita, programu ya bure ya kuchorea, kwenye kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 8, na kibao cha kuchorea kidogo kama daftari, ambacho kona yake ya kushoto haisikii tena kalamu.

Mwezi uliopita tulitoa nakala moja ya majaribio. Nilipoifungua ilibidi nikae. Nyemo wa ukurasa wa 3 ni maji ya kunde, sawasawa na nilivyomkusudia. Wa ukurasa wa 7 amekuwa mweusi wa kuelekea zambarau. Wa ukurasa wa 19 ungesema ana homa ya manjano. Mwandishi wa hadithi ni mama mtu mzima, mstaarabu mno. Alifunua kurasa kimya kimya hadi mwisho, halafu akaniuliza, "Mwanangu, hawa watoto ni wangapi?"

Nikarudi nyumbani, nikafungua mafaili yote na kupima ngozi ukurasa kwa ukurasa. Nimekuta ngozi kumi na moja. Na paleti, yaani ile orodha ya rangi zangu, ninayo! Niliitengeneza siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuchora mbuzi mmoja. Kisanduku cha ngozi kimo, kina jina. Shida ni kwamba paleti inaijua rangi lakini haijui nimeipeleka wapi. Nikishachovya, tumeachana.

Kana kwamba hayo hayatoshi, mama anasema udongo umekuwa kama supu ya nyanya na anaomba niushushe. Sawa, kuushusha si kazi, kazi ni kuushusha mara 32. Nilijaribu ile njia ya kugeuza rangi ya leya nzima, yaani tabaka zima la mchoro, mbuzi wawili nao wakageuka.

Kero ya pili ni mpangilio. Kila programu niliyowahi kuifungua inanipangia rangi kama upinde wa mvua: nyekundu, chungwa, njano, kijani, inaendelea hivyo. Mimi siijui Dodoma kwa upinde wa mvua. Naijua kwa nyasi zilizokauka, jivu la jikoni, ukuta wa tembe uliopigwa na jua miaka ishirini. Halafu na lugha yetu ndivyo ilivyo. Rangi zinazokubali kufuata ngeli ni tatu tu, nyekundu, nyeupe na nyeusi. Zilizobaki tumeziazima kwenye vitu: kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, ugoro ni ugoro. Damu ya mzee sijui nani aliianzisha, ila sioni kwa nini mtu aite ile rangi jina jingine. Kwenye Krita naweza kuandika jina la kila kisanduku, nashukuru, lakini nikifanya kazi sioni majina, naona viboksi tu, hadi nipeleke kalamu juu ya kimoja kimoja.

Swali sasa. Je, kuna namna ya kufunga picha na paleti pamoja, ili kisanduku kikibadilika, kila nilipokitumia pabadilike? Kama haipo Krita, iko wapi? Na kama haipo popote, niwaandikie watengenezaji niwaambie nini, maana sitaki kuonekana nalalamika tu.

Nawasilisha.

---

Kijana wa Area C
Jumanne, saa 4:31 usiku

Dada nunua iPad uweke Procreate, shida zote kwisha.

---

Mchoraji wa Makulu
Jumanne, saa 4:40 usiku

Asante kaka. Siku utakayoninunulia nitaiweka. Ila nimeshauliza, hata huko ukibadilisha kisanduku kwenye paleti, picha iliyokwisha kuchorwa inabaki vilevile.

---

Kobe wa Singida
Jumatano, saa 1:05 asubuhi

Dada, pole na hongera. Nina majibu mawili, moja litakuudhi.

Hizo ngozi kumi na moja umezizaa mwenyewe. Ngoja nibashiri: ukiwa katikati ya kazi huendi kwenye paleti, unabonyeza Ctrl na kugusa ngozi iliyokwisha kupakwa ili uchote rangi hapohapo. Ni haraka, sote tunafanya. Lakini ukigusa karibu na kivuli unachota ngozi iliyokwisha kuingiliwa na kivuli. Unaipaka. Kesho unachota kwenye ile uliyopaka jana, keshokutwa kwenye ile ya kesho. Ni kutoa kopi ya kopi ya kopi, na wewe wa steshenari unajua kopi ya nne inavyotoka.

Kuhusu kufunga picha na paleti: kitu hicho kipo, kwa watu wa katuni. OpenToonz, ambayo ni ya bure tangu msimbo wake ufunguliwe mwaka 2016, ina aina ya mchoro ambao mstari hauhifadhi rangi, unahifadhi namba ya rangi kwenye paleti. Ukibadilisha namba 5 kutoka bluu kwenda kijani, kanzu ya mhusika inageuka filamu nzima, na hujagusa picha hata moja. Illustrator na Inkscape nazo zina jambo la namna hiyo kwa michoro ya vekta, ile inayohifadhiwa kama mistari na maumbo, si vitone vya rangi.

Krita ni ya kupaka. Brashi laini ikipita juu ya rangi nyingine, pikseli moja, yaani kitone kimoja cha picha, inabaki na robo ya ngozi, robo ya kivuli na nusu ya mwanga wa jua. Ukiiuliza wewe ni wa kisanduku gani, haina jibu. Chumvi ikishaingia kwenye mchuzi huitoi tena. Kwa hiyo usiwaone watengenezaji wavivu.

Jibu la pili ndilo la kukusaidia: usiitie chumvi mpaka mwisho. Krita ina aina ya leya iitwayo File Layer. Hiyo leya haina picha yake, inaonyesha tu faili lililoko nje, na faili hilo likibadilika, nayo inabadilika. Sasa fanya hivi. Tengeneza faili dogo, hata la pikseli 64 kwa 64, lijaze rangi ya ngozi ya Nyemo peke yake, liite ngozi_nyemo. Kwenye kila ukurasa weka ngozi ndani ya kundi lake. Leya ya chini kabisa kwenye kundi ni umbo tu la uso, mikono na miguu, paka rangi yoyote, hata pinki, haitaonekana. Juu yake weka leya ya faili inayoonyesha ngozi_nyemo, uiambie ijinyooshe ifikie ukubwa wa picha, kisha bonyeza ile alama ya alfa upande wa kulia wa jina la leya. Rangi itabanwa ndani ya umbo. Vivuli weka leya nyingine juu, kwa mtindo wa Multiply unaotia giza kilichoko chini, na mwanga leya yake.

Siku mama akisema Nyemo amekoza sana, unafungua faili la pikseli 64, unabadilisha, unahifadhi. Kurasa zote 32 zinafuata utakapozifungua. Udongo hivyohivyo.

Angalizo mawili. Usiihamishe folda ovyo, kiungo kitakatika. Na kompyuta ya GB 8 itahema, kwa hiyo usifanye kila unyasi uwe faili. Chagua zile rangi tano sita ambazo hadithi inazisimamia.

---

Mchoraji wa Makulu
Jumatano, saa 5:20 usiku

Kobe, umenibashiri hadi nimeona aibu. Ctrl ndiyo kitufe kilichofutika herufi kwenye kompyuta yangu.

Nimejaribu ukurasa wa 7. Mara ya kwanza sikuweka kundi, nikabonyeza ile alfa, ukurasa mzima ukawa ngozi: Nyemo ngozi, mbuzi ngozi, anga ngozi. Nimecheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta. Nikarudi kusoma ulichoandika, "ndani ya kundi lake". Kumbe alfa inabana kwa kila kilichoko chini yake kwenye kundi hilohilo, na mimi chini kabisa nilikuwa na mandharinyuma iliyojaa. Nikaweka kundi, ikakaa.

Nikafungua faili dogo, nikafanya ngozi iwe ya kijani, kusudi tu nione. Nikarudi ukurasa wa 7. Mtoto wa kijani! Sijafurahi hivi tangu mvua za Disemba.

Ila bado ni kuzunguka mbuyu. Ninachofanya hapa paleti ingekifanya yenyewe: kisanduku chenye jina, kikivutwa juu ya leya, leya ijaze na ikumbuke ni ya kisanduku gani. Pikseli zisijue, sawa, nimeelewa habari ya chumvi. Lakini leya inaweza kujua.

---

Kobe wa Singida
Alhamisi, saa 1:15 asubuhi

Hapo umesema neno. Tayari Krita ina leya ya kujaza rangi moja, na paleti inaweza kuhifadhiwa ndani ya faili la picha lenyewe. Kinachokosekana ni uzi wa kuunganisha hivyo viwili. Ukiwaandikia, waeleze kisa cha yule mama na watoto wengi. Usianze na "naomba kitufe". Wao wanaelewa zaidi kazi iliyokukwama.

Na kama chapa imetoka imekoza kuliko ulivyoona kwenye skrini, usiibebeshe paleti mzigo wote. Karatasi isiyo na mng'ao inafyonza wino, vitone vinatanuka, picha inashuka giza. Ukibonyeza Ctrl na Y utaona makisio ya chapa kwenye skrini, ila yatakuwa ya maana ukiomba kwanza profaili ya mashine, yaani faili linaloeleza jinsi inavyotoa rangi, kwa anayekuchapia. Na shusha mwanga wa skrini, unachora usiku.

---

Fundi Mabango
Alhamisi, saa 3:40 asubuhi

Nimesomewa haya na mjukuu. Mimi nimeandika mabango Majengo tangu maduka mengi yakiwa na majina ya mkono. Sijui Krita. Nina swali la kwangu. Huyu kijana alikuwa anachanganya rangi kwenye hiyo mashine, akachukua njano akachukua bluu, akazikoroga, ikatoka rangi ya jivu. Nikamwambia zima hiyo kitu, imeharibika. Njano na bluu ni kijani, hata mtoto anajua. Mnafanyaje kazi na kopo la namna hiyo?

---

Mchoraji wa Makulu
Alhamisi, saa 4:02 asubuhi

Shikamoo mzee. Hapo umenigusa penyewe. Ndiyo maana vivuli vyangu vinatoka vichafu, nikichanganya ngozi na bluu ya jioni napata majivu.

---

Kobe wa Singida
Alhamisi, saa 7:30 mchana

Shikamoo mzee wangu. Mashine haijaharibika, inajumlisha na kugawa kwa mbili. Kwake kila rangi ni namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, toka 0 hadi 255. Njano ni 255, 255, 0. Bluu ni 0, 0, 255. Katikati yake ni 128, 128, 128, na hiyo ni jivu tupu. Ni hesabu ya mwanga, na kwenye kopo lako hakuna mwanga, kuna chembe za rangi. Chembe ya njano inameza bluu, chembe ya bluu inameza nyekundu, kinachosalimika katikati ni kijani.

Hesabu ya chembe hizo ipo tangu 1931, ya Kubelka na Munk. Ilikuwa nzito kwa programu za kuchorea, hadi 2021 wataalamu wawili, Šárka Sochorová na Ondřej Jamriška, walipotoa Mixbox. Hiyo inachukua rangi ya kawaida ya kompyuta, inaigeuza kuwa mchanganyiko wa rangi za kopo, inakoroga, kisha inairudisha. Programu ya kuchorea ya Rebelle, toleo la Pro, inaitumia. Shida ni leseni: ni bure kwa kazi zisizo za biashara tu, na programu huria kama Krita haiwezi kuibeba kwa sharti hilo. MyPaint, programu nyingine ya kuchorea, ilichukua njia yake, toleo la 2.0 la mwaka 2020 linachanganya kwa mawimbi ya mwanga, na njano na bluu yake ni kijani. Ni ya bure. Dada, changanyia kule, chukua rangi uliyoipenda, uilete Krita.

---

Fundi Mabango
Alhamisi, saa 11:10 jioni

Nimeelewa nusu. Nusu nyingine nitamwamini kijana.

Neno moja kwa binti. Sisi ubao wa kuchanganyia hatuoshi. Pale katikati rangi zinapokutana ndipo unapopata rangi ambayo hukuipanga, na kesho unaikuta ipo, imekauka, unaiona ilikotoka. Hizo mashine zenu naona visanduku vimetengana kama vyumba vya gesti, hakuna anayemjua mwenzake. Mafundi wa Tingatinga Dar walianza na rangi za mafuta za makopo, zile za baiskeli, kwenye vipande vya hadibodi. Makopo machache. Waliangalia sana rangi ipi inakaa jirani na ipi.

---

Mpima Udongo
Alhamisi, saa 2:50 usiku

Dada wa Makulu, mbukwa. Mimi si mchoraji, nimevutwa na neno udongo, maana ndio mkate wangu.

Sisi watu wa udongo tunatembea na kitabu cha rangi mfukoni. Kinafuata mfumo wa Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa sanaa wa Marekani aliyeuanza mwanzoni mwa karne ya 20. Ukurasa mmoja, ukoo mmoja wa rangi. Ndani ya ukurasa, kupanda juu ni mwanga, kwenda kulia ni ukali. Nikiandika 2.5YR 4/6, mwenzangu aliyeko Mbeya au Brazili anajua wekundu ninaousema bila kuuona. Ukoo ni 2.5YR, mwanga ni 4, ukali ni 6. Nakutajia kwa sababu ulilalamikia upinde wa mvua. Upinde una ukoo peke yake. Mchoraji anayepaka kijiji cha kiangazi, ukoo wote wa rangi zake ni mmoja au miwili, wekundu na unjano wa udongo. Zinatofautiana kwa mwanga na ukali. Paleti iliyopangwa kwa ukoo inakurundikia vyote kwenye kona moja.

Ukitaka mpangilio wa nyumbani, huo upo. Panda kilima chochote huku kwetu, udongo wa juu ni mwekundu kwa sababu maji yanapita upesi na chuma iliyomo inapata hewa. Shuka taratibu, unakuwa wa kahawia, unapauka, hadi bondeni kwenye mbuga unakuta mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi. Kila safari mfuatano ni uleule. Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani kule Tanga, aliuandika mwaka 1935 na kuuita katena, Kilatini cha mnyororo. Neno hilo sasa liko kwenye vitabu vya udongo dunia nzima, na limetoka Afrika Mashariki. Panga paleti yako hivyo, toka kilimani kushuka mbugani, na kila rangi itakaa na jirani yake halisi. Mzee Fundi Mabango nadhani ndicho alichokuwa anakisema.

Ule wekundu wa chuma ndio huohuo ulioko kwenye michoro ya miambani Kolo, kule Kondoa, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Wale waliochora hawakuwa na kisanduku. Walichimba.

Swali langu moja: rangi ya udongo wako uliichota kwenye picha ya mwezi gani?

---

Mchoraji wa Makulu
Alhamisi, saa 3:15 usiku

Mbukwa kaka. Nilipiga na simu nikitoka msibani Chamwino. Februari.

---

Mpima Udongo
Alhamisi, saa 3:22 usiku

Basi nyanya umeipata hapo. Februari udongo una maji. Sisi kila sampuli tunaisoma mara mbili, kavu na mbichi, kwa sababu bonge lililosoma mwanga 5 likiwa kavu, ukilinyunyizia maji linashuka hadi 4 au 3, ukoo uleule. Hadithi yako ni ya mwezi wa tisa. Nyemo wako anachunga kiangazi juu ya ardhi ya masika.

---

Mchoraji wa Makulu
Ijumaa, saa 5:45 usiku

Jamani. Leo umeme ulikatika saa mbili, nimekaa gizani nikiwaza hilo moja tu: kiangazi juu ya ardhi ya masika. Uliporudi nimefanya kazi moja kwa moja hadi sasa.

Kwanza nimepanga paleti upya, kilimani kushuka mbugani, ngozi na nguo nimezitenga chini. Nimeihifadhi kwa muundo wa GIMP kwa sababu ni maandishi matupu, Krita inaufungua, na hata simu inaweza kuusoma. Hii hapa, mwenye kuitaka anakili:

GIMP Palette
Name: Chamwino
Columns: 4
#
170 204 222 anga la mchana
206 176 120 nyasi kavu
176 78 46 udongo wa kilimani
70 66 62 mfinyanzi wa mbuga
139 90 58 maji ya kunde, Nyemo
96 72 42 ugoro, shuka la bibi
112 28 36 damu ya mzee, kanga ya Nyemo

Halafu nikafanya kitu ambacho ningekifanya miezi mitatu iliyopita. Nimeweka leya nyeusi juu kabisa ya ukurasa wa 12, kwa mtindo wa Color, ili picha yote iwe nyeusi na nyeupe. Ukurasa wa 12 Nyemo amesimama peku kilimani. Miguu yake imepotea. Mikono imepotea. Kanga imebaki inaelea, na mbuzi.

Sikuamini, maana kile kichagua rangi cha Krita kinaniambia udongo una mng'ao wa 69 na ngozi 55, tofauti ya kutosha. Nikapiga hesabu ya jicho, inayopima mwanga wa rangi kama jicho linavyouona: nyekundu mara 0.21, kijani mara 0.72, bluu mara 0.07, ujumlishe. Udongo, 96. Ngozi, 98. Ni kitu kimoja! Kichagua rangi kinatazama namba kubwa kuliko zote tatu na kuziacha mbili, kwa hiyo kwake njano kali na bluu kali zina mng'ao sawa wa 100, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kufua nguo anajua si kweli.

Hilo nitalitia kwenye barua kwa watengenezaji, la kwanza kabisa. Paleti initajie uzito halisi wa kila kisanduku, na inipangie kwa huo nikitaka. Uzi wa leya na kisanduku utakuwa wa pili.

---

Kobe wa Singida
Ijumaa, saa 6:10 usiku

Utakapoandika, taja Oklab. Ni mfumo uliotolewa na Björn Ottosson mwishoni mwa 2020, unahesabu mwanga karibu na jicho linavyouona, hesabu yake ni fupi na iko wazi kwa kila mtu kuitumia. Wakiuchukua, kupanga paleti kwa mwanga ni kazi ndogo.

Sasa Nyemo unamfanyaje? Usimng'arishe ngozi tafadhali, vitabu vyenye watoto waliopaushwa tumevichoka.

---

Mchoraji wa Makulu
Ijumaa, saa 6:55 usiku

Ngozi sijaigusa hata kidogo. Nimegusa udongo. Nimeukausha kama Mpima Udongo alivyosema, ukoo uleule, mwanga juu: kutoka 176 78 46 kwenda 198 104 68. Hesabu ya jicho imepanda kutoka 96 hadi 121. Nimehifadhi faili moja la pikseli 64, nikafungua ukurasa wa 12. Miguu imerudi. Nikafungua wa 13, wa 14, wa 19 ambao bado haujapona homa ya manjano lakini ardhi yake ni mwezi wa tisa kabisa. Mama nitampelekea Jumapili baada ya misa.

Sasa nimefika ukurasa wa 30 na nimekwama tena. Ukurasa wa 30 ndipo mvua inaponyesha, Nyemo anakimbiza mbuzi nyumbani. Udongo wote umekauka vizuri, mvua inapiga juu yake, na ardhi hailowi.

---

Mpima Udongo
Jumamosi, saa 12:40 asubuhi

Rangi ya Februari umeifuta?

---

Mchoraji wa Makulu
Jumamosi, saa 1:02 asubuhi

Ipo kwenye ile paleti niliyowawekea hapo juu. Naiundia faili lake sasa hivi: udongo_mbichi.